Uwanja Uliotengenezwa kwa Utani

Huku kwetu Kilosa kuna mambo mawili ambayo kila mtu ni bingwa wake: kupanga kikosi cha timu ya taifa, na kueleza kwa nini yeye si wa kulipia ukarabati wa uwanja wa mpira. Nilikuwa katibu wa kamati ya ukarabati na daftari la mihtasari ninalo mpaka leo, kwa hiyo sisemi kwa kusikia. Katika vikao vyote vya mwanzo tulikubaliana kwa kauli moja, bila mjumbe hata mmoja kupinga, kwamba alipe mwingine.

Sikupewa ukatibu kwa sababu ya busara. Mimi ni mchora mabango, nina kibanda changu Magomeni ya hapa hapa Kilosa, na mwandiko wangu ni mzuri. Nusu ya maduka ya pale, ukisoma "Kukopa leo hakuna, njoo kesho", huo ni mkono wangu. Watu wakaona kwamba mtu anayeandika vizuri namna ile hawezi kuandika ujinga. Walikosea, na kosa lenyewe ndilo ninalotaka kulisimulia. Sitataja jina la mtu, maana nimejifunza kwamba majina ni kitu cha gharama.

Uwanja wenyewe haukuwa na cha kujivunia. Mto ulipofurika ulipita katikati, ukaacha mfereji upande mmoja na tuta la mchanga upande wa pili. Ukisimama kwenye goli la mtoni, kipa wa goli la reli ulimwona kuanzia kifuani. Mwamuzi akirusha shilingi, nahodha wetu hakuchagua goli, alichagua mteremko. Wageni walisema uwanja ni mbovu, sisi tukasema ndiyo faida ya kucheza nyumbani.

Kisha wakaguzi wa ligi wakaja na futi kamba. Wakapima, wakatikisa vichwa, wakaandika kwamba mpaka uwanja usawazishwe na kiwepo chumba cha kubadilishia nguo, timu yetu itacheza mechi zake za nyumbani Mikumi. Yaani tupande gari asubuhi, tupigwe na vumbi la njia nzima, ndipo tufike nyumbani. Mama aliyekuwa akiuza chai na vitumbua nyuma ya goli la reli aliuliza kama naye ahamie huko nyumbani kwake kupya.

Basi nani alipe? Mwenyekiti wetu, mzee mwenye mashine ya kusaga, alisema uwanja ni mali ya umma, na umma maana yake ni serikali. Ofisa wa halmashauri tuliyekuwa tukimpelekea taarifa alisema serikali ni wananchi. Wananchi wakasema wao tayari wanalipa viingilio. Hilo halikuwa kweli hata kidogo, maana uwanja hauna ukuta, na mwenyekiti mwenyewe huangalia mechi akiwa ameegemea baiskeli yake kando ya njia, tayari kuondoka akimwona mkata tiketi. Wenye maduka wakasema walipe wachezaji, kwa kuwa ndio wanaoukanyaga. Wachezaji walikuwa wakiazimana viatu, lakini hoja ilipokelewa na mimi nikaiandika.

Kamati ikaamua kutafuta mfadhili. Kwa elimu yetu, wafadhili wanaishi Mikumi, kwa sababu huko kuna mbuga, mbugani kuna watalii, na mtalii kazi yake ni kufadhili. Tukaenda wajumbe watano, wote tumevaa makoti kwenye joto lile. Mwenye hoteli mmoja alitupokea vizuri, akatupa soda baridi, akauliza kama uwanja wetu una wanyama. Mwenyekiti akajibu kwa fahari kwamba wapo, ng'ombe wanapita kila siku. Yule bwana alicheka mpaka akafuta macho. Akatueleza kuwa hata kwao tembo huingia viwanjani wakachimba, na bado wanabishana nani alipe, maana tembo hana mtu anayekubali kuitwa mwenyewe. Alituaga na katoni moja ya sabuni ndogo zile za vyumba vya wageni, na ahadi kwamba atakuwa nasi kwa moyo wote. Katika muhtasari niliandika: "Mfadhili amepatikana."

Tuliporudi tukaitisha mkutano wa wananchi wote, na hapo ndipo anapoingia mtani wangu.

Ni mzee wa Kisukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, miaka zaidi ya ishirini sasa. Mji wake uko njia ya kwenda Kilangali. Wajukuu zake wamezaliwa hapa na wanasoma hapa, lakini sisi watu wa bonde bado tunamwita mgeni, na nadhani tutamwita mgeni hata siku ya kumzika. Habari ya ng'ombe na mashamba huku sihitaji kuieleza, watu wameumizana. Kinachotuponya ni utani. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani anaweza kukuchamba msibani, anaweza kuteka kitu chako ukikomboe, na ukikasirika wewe ndiye mshamba. Mimi na huyu mzee tulitaniana miaka yote. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, maana heshima haina mzaha. Baada ya hapo tulianza kutukanana.

Mkutano ule ulikuwa umechosha watu. Kila aliyesimama alimtaja mlipaji ambaye hakuwepo. Nikaona niwachangamshe.

"Mwenyekiti, tunahangaika bure," nikasema. "Aliyeharibu uwanja tunaye hapa. Ng'ombe wa huyu mtani wangu wamemaliza nyasi za goli la mtoni, na walichoacha ndicho kinachomtelezesha kipa. Alipe yeye."

Mzee akainuka taratibu, akaegemea fimbo yake. "Nitalipa," akasema. "Babu zangu walipita hapa na mizigo kichwani, na babu zake huyu wakawauzia maji ya mto ambao hawakuuchimba wao. Watu wa namna hiyo watatengeneza uwanja gani? Nitautengeneza mimi peke yangu, wote. Ninyi wa bondeni kaeni kivulini mle ndizi. Nikimaliza, huyu katibu namchukua akachunge, maana kuandika kunamkondesha."

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Mkutano ukafungwa kwa furaha kubwa na bila azimio lolote.

Mchana ule ule ofisa akaudai muhtasari. Akanikumbusha kwamba muhtasari usio na azimio haupokelewi huko juu, na kwamba usipopokelewa ni mimi nitakayeitwa kujieleza. Nikakaa kibandani na daftari. Nilikuwa na vicheko vingi na azimio hata moja sina. Basi nikachukua kalamu, na kwa mwandiko wangu ule unaosifiwa nikaandika: "Azimio la kwanza. Mjumbe kutoka jamii ya wafugaji amejitolea kusawazisha uwanja wote kwa nguvu zake mwenyewe." Chini nikaweka jina lake kamili, kama lilivyokuwa kwenye orodha ya mahudhurio. Sikuona ubaya. Katika maisha yangu yote ya ukatibu sijawahi kukutana na mtu aliyesoma muhtasari.

Na kweli hawakuusoma. Walisoma azimio tu. Baada ya wiki mbili barua ikarudi, imegongwa muhuri, inampongeza mzee kwa uzalendo wake na kumtaka amalize kabla ya mvua. Mtu wa pwani au wa milimani, yeyote yule, angeweza kukosea akasikia utani akadhani ni kweli. Mimi niliujua utani, niliuanzisha mwenyewe, kisha nikaupeleka ofisini. Na utani ukishagongwa muhuri hakuna wa kuucheka tena.

Nilienda kwake na barua mfukoni, nimejaa aibu. Ilikuwa karibu na msimu wa kulima mpunga, na maksai wake walikuwa wamefungwa karibu na nyumba, wamenenepeshwa kwa kazi hiyo. Nikamwamkia, akaitika. Nilivyokosa kumtania, akajua kuna jambo.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Yeye shule hakwenda. Alisikiliza ameinamisha kichwa, nilipomaliza akasema, "Rudia pale penye jina." Nikarudia. Akataka tena, na tena, mpaka mkewe akatoka jikoni kuja kusikiliza. Ndipo nikamwambia ukweli wote, kwamba kosa ni langu, na kwamba anaweza kukataa, nitaandika masahihisho.

Mzee akainuka. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Ulikuwa umejaa karatasi, nyingine zimefifia kabisa. Zote zilikuwa risiti za faini. Ng'ombe wameingia shambani kwa mtu, ng'ombe wamepita njia isiyoruhusiwa, ng'ombe wamekunywa maji mahali pasipo pao. Baadhi alistahili, hilo hata yeye alilikubali.

"Mji huu umeniandika mara nyingi," akasema. "Lakini ni kwenye hizi tu."

Kusoma hakujua, ila jina lake alilijua kwa sura, kama anavyoijua chapa ya ng'ombe wake. Akaliwekea kidole kwenye risiti moja, kisha kwenye barua, akahakikisha kuwa ndilo. Akaniuliza kama ni kweli kwamba chumba cha kubadilishia nguo kikiisha yataandikwa ukutani majina ya waliochangia. Nikasema ni kweli, na mwandishi ni mimi.

"Langu utaliandika?"

"Nitaliandika kwa mkono wangu."

"Basi nitalima uwanja," akasema. "Na wewe mtani utakufa bado unatafuta azimio."

Alikuja na jozi nne za maksai, plau mbili na gogo kubwa la kuburuta. Siku ya kwanza, kabla hajamaliza kukata tuta, akafika mgambo na kitabu cha risiti. Kuingiza mifugo kwenye uwanja wa umma ni kosa. Nikakimbia na barua yenye muhuri. Mgambo akaisoma yote kwa makini, akampongeza mzee kwa uzalendo, kisha akaeleza kwamba risiti ameshaanza kuiandika, na karatasi za kitabu kile zina namba, haziwezi kuchanwa. Mzee akalipa. Akaikunja risiti, akaitia pamoja na nyingine, akarudi kwenye plau.

Siku ya tatu watu wa bonde walianza kuja. Hawakuja kusaidia, la. Walikuja kumkosoa. Huyu alisema mfereji haujazwi hivyo, yule alisema gogo liburutwe kwa kukingama. Kukosoa maksai kunachosha, nao mmoja mmoja wakajikuta wameshika majembe. Wale wale waliosema tayari wanalipa viingilio walibeba udongo kwa ndoo, na kinamama wakapanda ukoka. Mama wa vitumbua akarudi nyuma ya goli lake. Matofali ya chumba yalitoka kwa mtu huyu na yule, na kwa mara ya kwanza uliweka mpira katikati ya uwanja ukakaa pale ulipouweka.

Mvua zikaanza mzee bado anaburuta gogo upande wa reli. Mashamba yake ya mpunga yalilimwa ya mwisho njia nzima ile, na mpunga uliochelewa kila mkulima anajua unavyozaa. Hakulitaja hilo hata kwa utani.

Siku mbili kabla ya uzinduzi ofisa aliniletea orodha ya kuandika ukutani. Juu kabisa nafasi ya heshima iachwe wazi, kwani ilikuwa haijulikani kama atakuja mkubwa mwingine. Kisha mgeni rasmi, ambaye uwanja alikuwa hajauona. Kisha mwenyekiti wa kamati. Kisha yule bwana wa Mikumi, kwa sabuni. Kisha wengine wanne ambao mchango wao mkubwa ulikuwa ushauri. Nikasoma mpaka chini, nikarudi juu.

"Mzee wa ng'ombe simwoni," nikasema.

"Yumo," akasema ofisa, akaniwekea kidole mstari wa mwisho. Uliandikwa: NA WADAU WENGINE. "Ukuta ni mfupi, ndugu yangu. Tukiweka mfugaji, wakulima nao watataka."

Hapa ningependa kuandika kwamba nilisimama nikamtetea. Nilisema "lakini" mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi, kisha nikakoroga rangi. Nina watoto, na mabango yote ya ofisi ile naandika mimi. Niliandika NA WADAU WENGINE kwa herufi nzuri kuliko zote, nikatia na kivuli cha bluu, kama vile uzuri wa herufi ungemfidia mtu.

Uzinduzi ulipita salama. Mgeni rasmi alikata utepe, akasema uwanja umejengwa kwa juhudi zake na za wenzake, akapiga penalti isiyo na kipa ikatoka nje. Mkubwa mwingine hakuja. Mzee hakuwapo, alikuwa shambani akikimbizana na mpunga wake.

Alikuja siku ya tatu asubuhi, amevaa shati la kanisani, na mkewe kajifunga khanga mpya. Nilikuwa pale namalizia kupaka miimo ya mlango. Tukaamkiana. Hakunitania.

"Nionyeshe," akasema.

Nilikuwa na muda wa kutosha kusema ukweli. Badala yake nikanyoosha brashi kuelekea mstari wa mwisho. "Lile pale, mzee. Lenye kivuli."

Mkewe akapiga kigelegele kimoja tu, kifupi, akajiziba mdomo kwa khanga. Mzee akasogea ukutani. Akatazama herufi zile kwa muda mrefu, mwanzo mpaka mwisho. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa risiti ya siku ile ya mgambo, akaikunjua, akaiegemeza ukutani chini ya kivuli changu cha bluu. Kidole kikawa kinapanda na kushuka, herufi ya risiti, herufi ya ukuta.

"Ni refu," akasema. "Jina langu mimi si refu hivi."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata nilipokuwa mdogo nikikamatwa na miwa ya watu. Yeye akakunja risiti yake, akaitia mfukoni, kisha akanyoosha mkono akaichomoa brashi vidoleni mwangu, bado inachuruzika rangi.

"Nimeiteka," akasema. "Brashi hii sasa ni ya Wasukuma. Utakuja kuikomboa."

Akaondoka nayo, na mkewe nyuma yake. Jioni nilipeleka jogoo. Wakampokea jogoo, wakamla, na brashi hawakunipa. Mtani akiteka kitu, bei anaijua yeye, na bei hii hata mimi niliijua.

Tatizo ni kwamba ukuta ule haukuwa wangu. Kuongeza hata nukta kunahitaji azimio la kamati. Nikawaza siku kadhaa, mwisho nikakumbuka kwamba ninachokijua kuliko watu wote Kilosa ni kutunga maazimio. Kikao kilichofuata kilijadili nani alipie nyavu za magoli, na tulikubaliana alipe mwingine. Katika muhtasari, kwenye yatokanayo, niliandika: "Kikao kiliazimia kwamba jina la mjumbe aliyesawazisha uwanja liandikwe ukutani mara moja, katika nafasi iliyo wazi." Nafasi iliyo wazi ilikuwa moja tu, ile ya juu kabisa, iliyomngoja mkubwa. Mwenyekiti akasaini akiwa amesimama, kwa sababu mechi ilikuwa inaanza. Ofisa naye akagonga muhuri bila kusoma.

Nikamtumia mzee ujumbe. Akaja na brashi, imeoshwa vizuri na kufungwa kwenye karatasi. Nikapanda ngazi, nikaandika jina lake juu ya majina yote, bila kivuli wala madoido, herufi za wazi kama zile za risiti. Yeye alikuwa chini akinitazama. Mkewe alishika ngazi.

Niliposhuka, akakunjua risiti, akailinganisha kwa mbali, herufi moja moja. Alichukua muda.

"Ndilo," akasema.

Akairudisha risiti mfukoni, na mkono ukabaki humo humo. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, na nilimtazama usoni nikitafuta utani nisiuone:

"Na chini yake wameandika kiasi gani?"

"Kiasi cha nini, mzee?"

"Cha faini."

Nikamwambia hakuna faini, ni jina tu. Akasema nisome tena, niangalie vizuri. Nikasoma tena kuanzia juu, taratibu, na mkono wake ulikuwa bado mfukoni.